Maji Niliyomwaga Dirishani

Ninaandika haya kwa wazee wanaokohoa, na kwa watoto wao wanaosimama mlangoni na kikombe mkononi wasijue kwa nini mzee amegeukia ukuta. Mambo ya virusi na dawa waulizeni madaktari. Mimi nilikuwa dereva wa malori. Ninachojua ni gia na breki. Nitakachosimulia ni kile ambacho daktari hawezi kukieleza, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alimficha. Nimeanza kukiandika mara nyingi nikachana karatasi. Hata sasa masikio yananichoma.

Naitwa Juma. Pale Beni wengi huniita Papa Juma. Niliendesha malori kati ya Kasindi, Beni na Butembo mpaka macho yakakataa, ndipo mwanangu Idi akaushika usukani. Mke wangu Amina alitangulia mbele ya haki, na tangu hapo naishi kwa Idi. Anayenipikia na kunifulia ni mke wake. Tunamwita Mama Salima kwa jina la mtoto wao. Ni binti wa wakulima wa viazi kutoka Luofu, alizaliwa katika nyumba ya Wakatoliki na akasilimu alipoolewa. Binti yangu mkubwa, Zaina, anauza vikwembe, yaani vitenge, Butembo, na sauti yake inafika dukani kabla ya yeye. Zaina hakuwahi kumkubali wifi yake sawasawa. Miaka yote hiyo bado alimwita "ule wa Luofu".

Jambo moja lazima mlijue kuhusu mimi: nilikuwa msafi, na nilikuwa najisifu kwa usafi wangu. Hata enzi za barabara mbovu, lori limezama tope hadi tumboni, wenzangu walikuwa wananicheka kwamba Juma atateremka na kanzu nyeupe. Msikitini nilikuwa na nafasi yangu, safu ya kwanza, kulia kidogo kwa imamu. Hakuna aliyeniandikia nafasi hiyo, lakini vijana walikuwa wakifika mapema na kuiacha wazi. Niliipenda heshima hiyo kuliko nilivyokiri.

Mafua yalinipata Butembo. Ilikuwa majira ya mvua, nikapanda kwenda kwenye kilio cha dereva mwenzetu wa zamani. Butembo ina baridi yake, nyinyi mnaoijua mnaijua. Tulikaa chini ya hema siku nzima, ukungu ukitupitia miguuni, na kila mtu anakohoa. Tukapeana mikono, tukakumbatiana, tukalia. Mtu akipiga chafya mwingine alisema, "Ni grippe tu," na sote tukaitikia kwa kichwa. Nilipokuwa kijana, grippe ilikuwa kitu cha kuudhi, unakunywa chai ya tangawizi na kesho yake uko barabarani. Sikujua kwamba inamjia mzee kwa njia nyingine.

Tuliporudi, ndani ya kabini ya lori la Idi, tulikuwa hatujapita Maboya nikaanza kutetemeka. Idi akafunga vioo. Mwili wote uliniuma mpaka mizizi ya nywele, ile michache iliyobaki. Kufika Beni, kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani.

Ijumaa ilipofika, Mama Salima aliniambia nisitoke.

"Baba, kifua yako iko nalia. Ukae tu. Mungu anajua uko mugonjwa."

"Mi hapana mugonjwa," nikamjibu. "Iko mafua."

Nikavaa kanzu nikaenda. Mgonjwa wa homa hapaswi kwenda kukoholea watu, najua sasa, na hata siku ile nilikuwa najua kidogo. Lakini nilikuwa nafikiria nafasi yangu wazi katika safu ya kwanza na watu wakiulizana Papa Juma yuko wapi.

Basi sikilizeni. Tulikuwa tumesujudu. Paji la uso chini, kiuno juu, na kikohozi kikanikamata hapo hapo. Nilijaribu kukibana. Kikaja cha pili kikubwa zaidi, kile cha kutikisa mbavu, na nikahisi joto likiteremka mapajani. Si tone. Nilijikojolea msikitini, safu ya kwanza, juu ya zulia, Ijumaa, mbele ya watu wanaonisalimia kwa mikono miwili.

Sijui nilimalizaje swala ile, kama ile inaitwa swala. Watu walipotoka mimi nilibaki nimekaa na tasbihi, nikijifanya niko katika uradi. Msikiti ulipobaki mtupu nikachukua birika la udhu nikamwaga maji pale nilipokuwa nimekaa, na juu ya kanzu pia. Yule mtu wa kufagia akachungulia.

"Papa Juma, unamwanga mayi?"

"Kikohozi ilinitikisa mukono," nikasema.

Akaleta kitambaa akafuta, maskini, huku akiniombea shifaa. Nikatoka nimelowa, natembea kwa haraka ambayo mapafu yangu hayakuwa nayo. Nyumbani nikavua kila kitu, nikakisokota na kukitupa ndani kabisa ya kikapu cha nguo chafu, chini ya mashuka. Kisha nikalala nikajifunika uso.

Hapo ndipo ugonjwa wangu wa kweli ulipoanza. Nilipiga hesabu ya kidereva: tangi likiwa tupu, hakuna kinachovuja. Nisipokunywa, sitakojoa. Nisipokojoa, kikohozi kije kinavyotaka, nitabaki msafi. Niliona ni akili kubwa sana.

Mama Salima alikuwa analeta maji ya moto, chai ya tangawizi, uji mwepesi, na yale maji ya chumvichumvi ya pakiti wanayotoa kwenye kituo cha afya. Nilimwambia aweke mezani aende. Akishatoka, nafungua dirisha. Chumba changu kinatazama migomba ya nyuma ya nyumba. Maji yalikwenda huko, chai ikaenda huko, uji nao nikauchungulia kwa huzuni kidogo, ukaenda. Midomo nilikuwa nailowesha kwa kidole. Alipokuja kuchukua kikombe alikikuta hakina kitu, akafurahi. "Wasingya, Baba," alikuwa akisema, kwa Kinande chetu, ananishukuru mimi kwa kunywa. Fikirini hilo. Nilimtazama akinishukuru, nikanyamaza.

Idi alikuwa amekwenda Kasindi kupakia mizigo, na mvua ikawakwamisha huko. Nyumbani tulibaki mimi, Mama Salima na mtoto. Homa ilipanda jioni, ikashuka asubuhi, ikapanda tena. Majirani walianza kupita mbali na kizingiti chetu. Siwalaumu. Beni hii ilishaona homa ya aina nyingine, iliyochukua watu nyumba nzima, na tangu wakati huo mzee akiwaka joto, kila mtu ananusa vidole vyake kama aliyekugusa. Mwanamke mmoja aliuliza juu ya ua, kwa sauti ya chini ambayo nyumba nzima iliisikia, kama si ile ugonjwa. Mama Salima akamjibu ni grippe, tena akaendelea kufua mbele yake makusudi, ili aone hakuna cha kuficha. Sikufikiria wakati ule alikuwa anafua nguo za nani.

Mwili ulianza kunigeuka. Ulimi ulikauka mpaka ukagongana na meno. Mkojo, ule mchache niliokwenda kuutoa, ulikuwa mwekundu wa chai ya rangi. Nikisimama, ukuta unasogea. Nilijiambia ni homa. Baadaye nikaanza kusahau. Mtoto Salima aliniletea ndizi nikamwuliza yeye ni wa nani. Mama Salima alisema nilishinda siku nzima nikiendesha lori kitandani: nilikuwa kwenye njia ya Kamango, breki zimekatika, nampigia kelele utingo aweke jiwe nyuma ya tairi. Nilimwita yeye Amina. Nilimwambia Amina anisamehe kwa kuchelewa.

Nilipopata akili kidogo ilikuwa asubuhi, jua liko kwenye pazia, na nilikuwa nimevaa shati ambalo sikulivaa mimi. Nilikuwa nimeoshwa. Shuka lilikuwa jingine, na chini ya shuka kulikuwa na kikwembe kilichokunjwa mara nyingi, kimewekwa pale kinapowekwa kwa mtoto mchanga. Idi alikuwa bado Kasindi. Hakukuwa na mtu mzima mwingine ndani ila Mama Salima.

Sasa wasomaji wa mbali wanielewe. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanaye wana mpaka wao. Hatuketi kitanda kimoja, hatupitiani karibu, hata sahani ananiwekea akiwa amepiga goti na macho chini. Kwamba yule binti alinivua, akaniosha, akanifunga kikwembe chake, hilo lilinichoma kuliko homa. Niliomba kifo, nasema kweli. Nilimwomba Mungu anichukue kabla mlango haujafunguka. Mlango ukafunguka.

"Baba," akasema akitazama sakafu, "niliita moto. Tunaenda hôpital."

"Mi siendi. Ungoje Idi."

"Hapana ngoja mutu. Unikasirikie kule kule."

Nikapakiwa kwenye ile moto, pikipiki ya abiria, katikati, dereva mbele, Mama Salima nyuma akinishika kiuno kwa mikono yote miwili nisidondoke. Mji mzima wa Beni ulikuwa umeamka. Nilijifunika uso kwa kitambaa, nikijidanganya kwamba nisipowaona nao hawanioni.

Getini walinipima joto kwa kile kifaa wanachokuelekeza kwenye paji la uso. Kilipolia, benchi zima likasimama. Watu waliokuwa wamebanana mpaka wengine wamekalia kona ya tako walinipisha wote kwa mara moja. Nilikaa peke yangu na Mama Salima kwenye benchi la watu wanane, tunatazamwa. Mtoto mmoja alitaka kuja kuchezea tasbihi yangu, mama yake akamvuta kwa mkono. Tulingoja. Wakaja waliovaa glovu na barakoa, wakauliza maswali, wakachukua damu, wakatuweka pembeni kwenye kibanda cha turubai mpaka majibu yatoke. Mvua ikanyesha, ikapiga turubai, ikaacha. Mama Salima alikuwa amekaa kwenye bidoni ya maji iliyopinduliwa. Kila nilipokohoa aligeuza uso pembeni, nikadhani ananiogopa. Alikuwa ananiachia nafasi nijipanguse.

Si ile ugonjwa, walisema mwishowe. Ilikuwa grippe, iliyoshuka ikaingia mapafuni, na mwili uliokauka.

Zaina alikuwa amefika kutoka Butembo wakati tunahamishiwa wodini. Alikuja na nguo za baridi, na chupa za chai, na sauti yake. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alinibana ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akaniangalia ulimi. Akauliza palepale kwenye ukumbi wa wodi, watu wanapita na ndoo:

"Muzee huyu amekauka sana. Ni nani anamuchunga ku nyumba?"

"Ni mie," akasema Mama Salima.

"Mayi anakunywaka?"

"Namupatia, docta. Asubui, midi, na mangaribi. Kikombe inarudiaka bila kitu."

Daktari akanigeukia. "Papa, ni kweli? Ulikuwa unakunywa?"

Wote walinitazama. Zaina, Mama Salima, daktari, na mama mmoja wa kitanda cha jirani aliyekuwa anamenya chungwa. Neno moja tu lilihitajika. Nikafumba macho nikajifanya nimepotewa tena na akili.

Huo ndio ubaya wangu, na ndiyo sababu ya kuandika. Kukojoa si kosa, mwili unazeeka, vali zinachoka. Kufumba macho ni kosa.

Zaina hakungoja. "Docta, usiniulize mimi. Mayi ya kumupa muzee nayo ni ya kununua? Batu ya Luofu banajuaka viazi, kulea muzee hapana! Baba yangu alikuwa anakufa kiu ku nyumba ya mutoto wake!"

"Dada Zaina, mi nilikuwa namupatia," Mama Salima alisema.

"Ulikuwa unamupatia, mayi ikaenda wapi?"

Nilikuwa nangoja aseme. Alikuwa na la kusema, kwa maana yeye ndiye aliyeniosha, alijua hali niliyokutwa nayo. Badala yake nikasikia kandambili zake zikienda kuelekea bombani, kuosha shuka nililokuja nalo.

Serumu ilidondoka mkononi mwangu chupa baada ya chupa. Wauguzi walinipa hewa ya mirija puani, sindano, na vidonge. Mwanaume mmoja muuguzi aliniletea chupa ya kukojolea bila kuniuliza, akatundika kikwembe kati yangu na kitanda cha jirani, akaondoka kuhangaikia mambo mengine. Nilimwombea dua ndefu kuliko niliyowahi kumwombea kiongozi yeyote. Mama wa kitanda cha jirani naye, mwenye machungwa, kila niliposhika ile chupa alianza kuzungumza na ukuta juu ya bei ya mafuta ya mawese. Hizo ni huruma ndogo, ukiwa mgonjwa unazikumbuka zote.

Mlio na wazee ndani, pokeeni hili kutoka kwangu. Usimwulize mzee mbele ya watu kama anakunywa. Atasema ndiyo. Kaa naye, mpe kidogo kidogo, mtazame anavyomeza. Mwekee chombo karibu na kitanda kabla hajakiomba, kwa sababu hatakiomba. Akianza kuchanganya majina, usicheke ukasema uzee, mpeleke. Na wewe mzee mwenzangu unayeogopa udhu wako: dini yetu ina ruhusa ya mtu asiyeweza kujizuia. Anajifunga, anatawadha kila swala, anaswali, na Mungu ndiye aliyeumba kibofu. Niliijua ruhusa hiyo tangu utoto, nilishaisikia darasani mara nyingi. Niliona ni ya watu wengine.

Nilipotoka hospitali mvua zilikuwa zimekatika. Kiangazi kifupi kilikuwa kimeanza, vumbi limerudi barabarani. Saa ya mkononi ilizunguka kwenye kifundo kama bangili ya bibi harusi. Mapaja yalikuwa yamekwisha, nikikaa mfupa unagusa kiti. Nilitembea kutoka kitandani hadi mlangoni nikapumzika kama niliyepanda mlima. Ilinichukua kiangazi kizima kurudi kuwa mtu, na wale wanaosema grippe ni mafua tu nawaachia wenyewe.

Zaina alinichukua kwake Butembo. Hakuniomba ruhusa, hakumwomba Idi. Alisema nyumba ile imeshaonyesha inavyolea wazee. Huko alinivisha sweta juu ya sweta, akanikalisha jikoni penye joto, akanipa maji kwa mkono wake mwenyewe, na nikanywa, kwa maana sasa niliogopa kifo zaidi. Usiku na mchana nilijifunga vitambaa kwa siri na kuvificha ndani ya mkoba. Na kila siku nilimsikia kwenye simu, anawasimulia shangazi na wajomba, hadi Mavivi, hadi Kasindi, kwamba mke wa Idi alimnyima baba maji. Hadithi iliota miguu. Mara ikawa alinifungia chumbani. Mara ikawa kuna dawa alitoka nayo kwao.

Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Kesho ilikuwa rahisi kuliko leo. Idi alinipigia simu, sauti yake imechoka. "Baba, unaona namna gani?" akauliza. Nikamwambia tutazungumza tukikutana. Mimi baba yake, niliyemfundisha kuteremsha lori kwenye mteremko wa matope, nikamwachia mwanangu mteremko ule peke yake.

Wakaitisha kikao cha familia, pale sebuleni kwa Zaina. Idi alikuja na mkewe kutoka Beni. Mdogo wangu wa kiume alikuwepo, na mjomba upande wa marehemu Amina. Mama Salima alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mtandio umemshuka hadi machoni. Alikuwa amekonda. Mtoto hakuja naye. Zaina alisimulia yote kwa mpangilio mzuri, anajua kuongea, hiyo ni kazi yake. Mwishowe akasema uamuzi ambao bila shaka walishauonja kwenye simu: Mama Salima arudi Luofu kwa wazazi wake akapumzike kwanza, mtoto abaki na Idi, hadi wazee wa kwao waje waeleze.

Akapumzike. Wazazi wake huko Luofu walikuwa wameshakimbia vita na kurudi, na kukimbia tena, na kurudi kwenye nyumba isiyo na mlango. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Idi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama Salima, uko na neno?" mdogo wangu akamwuliza.

Akatikisa kichwa. "Mi nilimupatia mayi. Siko na neno ingine."

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Zaina akasema, "Baba, we pumuzika, usichoke." Nikamwambia anyamaze. Sijui kama nimewahi kumwambia vile tangu azaliwe.

"Mayi alinipatia," nikasema. "Chai alinipatia, na bouillie, ule uji. Niliyamwanga mimi, ku dirisha. Yote."

Waliniangalia kama homa imerudi. Mjomba akasogeza kiti. Nilijua wakiniacha hapo watasema mzee anamtetea kwa huruma, au akili haijakaa. Ilibidi niende mpaka mwisho. Nikaikaza mikono juu ya magoti, nikatazama ukuta wa mbele, pale penye kalenda, nikasema:

"Nilijikojolea ku musikiti. Juma, baba yenu. Safu ya kwanza, batu bako nasujudu. Nikaogopa itanipata tena. Njo maana nilikataa kunywa. Docta aliponiuliza nilikuwa macho. Nilisikia yote. Nilifumba macho juu ya aibu, nikaacha huyu mutoto ya batu abebe."

Mdogo wangu alishusha kichwa. Zaina aliweka kiganja mdomoni, na kwa mara ya kwanza hakutoa sauti. Uso wangu ulikuwa unawaka mpaka shingoni.

Idi ndiye aliyemgeukia mkewe. "We ulijua?"

Alivuta mtandio kidogo.

"Ile kanzu ya Ijumaa ni nani alifua?" akasema polepole. "Alificha chini ya mashuka, lakini mi njo nafuaka. Nilijua tangu ile siku. Mayi hapana. Kikombe ilikuwa inarudi bila kitu, nilisema anakunywa. Siku docta aliuliza, njo nilielewa."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?" Idi aliuliza, sauti imempanda. "Banakufukuza, unanyamaza tu?"

"Ningesema nini? Ningesema mukwe wangu anajikojolea, mbele ya batoto yake? Mbele ya batu ku hôpital?" Akatikisa kichwa. "Ile haikuwa yangu ya kusema. Ilikuwa ya Baba."

Kwa hiyo alikuwa tayari kupoteza nyumba yake, na mtoto wake, ili mimi nibaki na nafasi yangu katika safu ya kwanza. Binti wa viazi. Samahani ni neno dogo sana, hata hivyo nililisema, na sikuweza kumtazama nilipolisema.

Koo lilikuwa limenikauka. Jagi la maji lilikuwa mezani, karibu na mkono wa Zaina, naye alikuwa ameshalishika.

"Hapana we," nikamwambia. "Mama Salima, unipatie mayi."

Akainuka kwenye mkeka, akamimina, akapiga goti kama kawaida yake na kunipa kwa mikono miwili, macho chini. Nikanywa kikombe chote mbele yao, bila kupumzika. Maji yakanipalia, kikohozi kikanijia kile kikubwa, cha kutikisa mbavu, na suruali ikalowa. Nikaona Zaina ameona. Nikaacha mikono yangu pale ilipokuwa, sikujifunika, nikamrudishia Mama Salima kikombe aniongeze.